Maji Yanatoka

Pius alikalishwa mbele kabisa ya mtumbwi, uso kwenye maji na mgongo kwa jeneza. Ndivyo alivyoamuru baba mkwe wake, Mzee Kija, walipokuwa wakipakia pale Mwaloni, Kirumba, asubuhi ya Jumapili, wachuuzi wa dagaa wakiwa wamevua kofia na kunyamaza. Mkwe hatazamani na mama mkwe akiwa hai. Akiwa maiti ndiyo kabisa. Hakuna aliyebisha. Mzee Kija alikuwa katekista kwa zaidi ya nusu ya umri wake, na kabla hajawa katekista alikuwa Msukuma, na katika mambo yote mawili hakupenda mzaha.

"Na mashine, baba?" Pius aliuliza, macho chini.

"Ngosha ataishika. Si ulimfundisha?"

"Nilimfundisha."

"Basi kaa."

Ngosha alikuwa kitinda mimba wa marehemu, kijana mwenye maneno mengi, ambaye siku hiyo alikuwa hana hata moja. Alikaa nyuma, mkono kwenye mpini wa mashine. Katikati, jeneza lililazwa juu ya mabonge ya barafu, ile barafu ya samaki, iliyofunikwa kwa magunia na unga wa mbao. Pembeni yake walikaa Mzee Kija na Hellen, mke wa Pius, aliyekuwa ameshika ubao wa jeneza kama mtu anayemshika mama yake mkono wakivuka barabara.

Walikuwa wakienda Kome. Huko kisiwani, juu ya kilima nyuma ya nyumba, marehemu alikuwa na watoto wake wawili aliowazika akiwa bado msichana, na nafasi ya katikati yao alikuwa ameiweka mwenyewe kwa mawe manne. Habari zilikuwa zimetangulia. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Na kaburi lililochimbwa halilali wazi. Likilala wazi, wazee wa huko husema, litamtafuta mtu mwingine wa nyumba ile. Kwa hiyo ilikuwa lazima afike leo, na wa kumfikisha alikuwa Pius kwa mashine yake.

Marehemu mwenyewe alikuwa ameagiza hivyo. Miezi michache kabla, alipokuwa akiuguzwa kwa Ngosha huko Nyakato, alisema kwa sauti ya kutosha kusikika nje ya mlango, ambako Pius alikuwa amesimama, "Hellen, mwambie mume wako, siku nikifa, anirudishe nyumbani na lile lipiga-kelele lake." Na Pius, akiwa mlangoni, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika ndani, "Hellen, mwambie mama nimesikia." Hivyo ndivyo walivyozungumza miaka yote, wawili hawa, mke akiwa katikati kama waya wa simu.

Lipiga-kelele lenyewe, ile mashine, lilikuwa mzee. Ushirika wa wavuvi ulipokufa mali zake zilinadiwa, kama kila kitu kilivyokuwa kikinadiwa miaka ile, maghala, malori, hata milango yenye fremu zake. Pius alikuwa amepunguzwa kazini kiwandani, akachukua kiinua mgongo chake akakitia katika mashine ya boti ambayo watu wazima walipita wakaipiga teke wakaendelea na safari. Huko Mwaloni mawakala wa viwanda vya minofu walikuwa wakifunga mashine mpya kutoka Japani, zinang'aa kama meno ya bandia. Spea za hizo zilijaa madukani. Spea za mzee hazikuwepo popote. Hata waliomtengeneza walikuwa wamemsahau.

Na Pius hakumjua. Alikuwa fundi wa malori, mtu wa dizeli. Siku ya kwanza alikitafuta kijiti cha kupimia oili mpaka jua likaelekea magharibi, asikione. Akafungua kichwa cha injini kutafuta valvu, asizione. Alikaa chini akakitazama kile kitu kama mtu aliyechinja kuku akamkuta hana firigisi. Ilimchukua muda mrefu, na bolti nyingi kufungwa na kufunguliwa, kuelewa kwamba pistoni yenyewe ndiyo mlango: ikishuka inafungua matundu ya silinda, ikipanda inayafunga. Kila ikifika juu inawaka, haina mzunguko wa kupumzika kama dizeli. Oili haina mahali pake. Inachanganywa humo humo katika petroli, kama dawa anayotiliwa mgonjwa kwenye uji, na ukisahau kuichanganya unaiua mashine. Na maji ya kuipoza haiyabebi. Inayavuta ziwani kwa chini, inayazungusha mwilini, kisha inayatoa kwa tundu dogo ubavuni.

Hapo ndipo alipotia mkono wake. Mpira wa pampu ya maji, kile kigurudumu chenye mabawa laini, ulikuwa umepasuka. Akachonga mwingine kwa tairi. Ukawa mgumu, ukakwama. Akakata wa tyubu. Ukawa laini mno, ukajikunja. Akaupata katika soli ya buti la mvua la marehemu baba yake. Kisha magugu yakaingia ziwani, yale ya maua ya zambarau, yakaanza kufunga ghuba, na mizizi yake, mirefu kama ndevu za mchawi, ikawa inaziba mahali mashine inapovutia maji. Pius akaunda kikapu cha wavu wa chuma akakifunga pale chini. Kikapu kilikamata mizizi vizuri. Tatizo ni kwamba kikishaikamata hakikuiachia: kikijaa, ilikuwa lazima kuzima mashine, kusubiri, kuwasha na kurudi nyuma kidogo ili mizizi itemeke.

"Nitajuaje kimejaa?" Ngosha aliuliza siku ya mafunzo.

"Tazama pale ubavuni. Mashine ni kama mtoto mchanga, shemeji. Mtoto akikojoa, ni mzima. Ikiacha kukojoa, zima. Usifikiri, usiulize. Zima."

"Na ikikojoa kidogo kidogo?"

"Ina homa. Punguza mwendo."

Mafundi wote wa ziwani husema hivyo. Hawana neno jingine, wala hawakuwahi kulihitaji, kwa kuwa katika karakana hakuna wakwe.

Isipokuwa siku moja walikuwepo. Ni siku ile mashine ilipowaka mara ya kwanza, imefungwa kwenye pipa la maji uani kwa Pius. Iliguruma, ikakohoa moshi wa buluu, na pale ubavuni ukachomoza uzi wa maji, mwembamba, ulionyooka. Pius alirusha spana juu. "Inakojoa!" alipiga kelele. "Jamani, inakojoa! Inakojoa kama ng'ombe!" Alipogeuka kutafuta wa kumshangilia, aliona nje ya uzio Mzee Kija amesimama na fimbo yake, na nyuma ya Mzee Kija, mama mkwe amejifunika kanga uso mzima, akiondoka haraka haraka.

Alitozwa mbuzi. Mbuzi hakumuuma, kilichomuuma ni kikao. Mzee Kija alizungumza mpaka chai ikapoa, akamalizia kwa kusema, "Mkwe wangu, mikono yako ina grisi, hiyo ni kazi, siikatai. Lakini mdomo wako una grisi kuliko mikono." Pius aliapa mbele ya kikao kwamba neno lile halitatoka tena kinywani mwake mahali penye mkwe.

Usiku wake Hellen alimwambia jambo ambalo hakuliambia baraza. "Mama alicheka. Alipofika kwenye kona alishika ukuta wa watu, akacheka mpaka machozi." Na tangu hapo, kila alipotaka kujua habari za kazi ya mkwe wake, bibi yule alikuwa akisema, "Hellen, muulize mume wako, yule mtoto wake bado mzima?" Kisha anajifunika kanga.

Sasa alikuwa amelala juu ya barafu, na mashine ikiguruma nyuma yake.

Walipotoka tu kwenye mawe ya Kirumba ziwa lilikuwa jeupe na wazi. Lakini mbele, mahali ghuba inapopanuka, Pius aliona mstari wa kijani ambao haukuwepo juzi. Upepo wa usiku ulikuwa umeyasukuma magugu. Yalikuwa shamba zima, linapumua juu ya mawimbi. Akaonyesha kwa mkono, kushoto, na Ngosha akafuata mkono. Wakapata uchochoro wa maji kati ya magugu na magugu, wakaingia.

Pius alishika mpondo, akawa anasukuma vichaka vilivyojitenga. Masikio yake yalikuwa nyuma. Mtu aliyeijua mashine kwa kuifungua huisikia kama mama anavyomsikia mtoto chumba cha pili. Kwa muda ilisema vizuri. Kisha sauti ikapanda kidogo, ikakauka, kama mtu anayeanza kuzungumza na koo bila mate.

Alitaka kugeuka. Kugeuka kulikuwa kumtazama. Mfuniko wa jeneza ulikuwa na kidirisha cha kioo upande wa kichwa, na kichwa kilielekezwa mbele, kwake. Alihisi macho ya Mzee Kija juu ya mgongo wake, na labda hayakuwepo, lakini aliyahisi.

Angesema nini? Akilini mwake neno lilikuwa limekaa tayari, fupi, ambalo Ngosha angelielewa kabla halijamalizika. Akalimeza. Akatafuta jingine. "Tazama tundu." Hapana, hilo lilikuwa baya zaidi, mbele ya wazee tundu peke yake halitajwi. "Angalia ubavuni." Ubavu wa nani, na maiti yuko pale? Kila neno aliloligusa lilikuwa na undugu na lile la kwanza. Mwishoni aliona moja lililooga likavaa nguo safi. Bila kugeuka, akapaza sauti:

"Shemeji! Maji yanatoka?"

Nyuma, Ngosha alikuwa na shughuli. Barafu ilikuwa ikiyeyuka, na maji yake, yenye harufu ya sangara, yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu ya dada yake. Kwa mkono mmoja alishika mpini, kwa mwingine kopo, akiyachota na kuyamwaga nje ya mtumbwi.

"Yanatoka!" alijibu.

Pius akapumua. Sauti ya mashine haikuwa imebadilika, lakini alikuwa ameambiwa, na alitaka sana kuambiwa. Labda ni uzito, alijisemea. Labda ni upepo. Mtu asiyetaka kugeuka hakosi sababu.

Baadaye kidogo sauti ilikauka zaidi. Aliinua mkono juu ya kichwa, akaashiria kwa dole gumba nyuma, kuelekea mashine. Ngosha aliona mkono, akainua kopo lake lionekane, akaongeza kasi ya kuchota.

"Yanatoka vizuri kabisa, shemeji! Usiwe na wasiwasi!"

Harufu ya rangi inayoungua haikumfikia Pius kwa sababu upepo ulikuwa wa mbele. Kilichomfikia ni mlio mmoja mfupi, kama mlango wa chuma ukifungwa kwa hasira, kisha kimya. Mtumbwi ukaendelea wenyewe kwa hatua kadhaa, ukapunguza, ukasimama. Magugu yaliyokuwa yamefunguka nyuma yao yakaanza kujifunga, polepole, bila sauti.

Hapo Pius aligeuka. Alipita kando ya jeneza kwa mikono na magoti, macho yamefumbwa nusu, akafika nyuma. Mashine ilikuwa ikitoa moshi kwenye maungio. Alivuta kamba, haikuvutika. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda, chuma kimeingia katika chuma.

"Shemeji," alinong'ona, "si nilikuuliza?"

"Uliniuliza nini?"

"Maji."

"Na si nilikuwa nayatoa?" Ngosha alionyesha kopo. Kisha akatazama ubavuni mwa mashine, pale palipokuwa pakavu, rangi imevimba malengelenge, na uso wake ukabadilika. "Ulikuwa unaulizia ile... Pius, kwa nini hukusema tu? Kwa nini hukusema neno lenyewe?"

Pius aliiachia kamba. Mzee Kija alikuwa anawatazama.

Walikuwa na makafi mawili. Ngosha na Pius walipiga kafi, na kila kafi lililotoka majini lilitoka na mzigo wa mizizi, kama wanachimba viazi. Mbali, nje ya magugu, boti la wakusanya samaki lilipita na mashine yake mpya. Hellen alisimama akapunga kanga. Boti lilipunguza mwendo, watu wake wakatazama lile shamba la kijani, wakatikisa mikono kuonyesha haiwezekani, wakaenda zao. Hakuna aliyewalaumu. Nani angeitia mashine yake mle?

Upepo ndio uliowaamulia. Uliyasukuma magugu kuelekea upande wa Sengerema, na mtumbwi ukaenda nayo kama kupe juu ya ng'ombe. Kome ilionekana muda wote. Ilikuwa pale kulia, kilima chake cha buluu, na kadiri mchana ulivyosonga ndivyo ilivyozidi kuwa ndogo. Unga wa mbao ulilowa ukageuka uji. Mabonge ya barafu yakawa mawe, mawe yakawa kokoto. Ngosha aliendelea kuyachota maji hata yalipokuwa hayahitaji tena kuchotwa. Jua la saa tisa lilikuwa limesimama juu ya jeneza, na Hellen alivua kanga ya pili akaitandaza juu ya kile kidirisha cha kioo.

Hakuna aliyetaja harufu. Mzee Kija alianza rozari, na alipofika mahali pa kuitikia, sauti zilikuwa chache.

Walifika ufukweni jua likiwa limeanza kulegea, mahali penye vibanda vya wavuvi na nyavu zilizotundikwa. Mtu mmoja aliingia majini mpaka kiunoni akaushika mtumbwi. Alikuwa Zadok, Mjaluo wa upande wa Mara, mwenye kambi. Alitazama jeneza, akatazama wenyewe.

"Poleni, wazee. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ni wapi?"

Zadok alitaja jina ambalo hakuna kati yao aliyewahi kulisikia. Alisema gari lipo, lakini liko senta, na barabara imekatika tangu mvua. Alisema wanaweza kujaribu kesho. Aliposema kesho, alitazama pembeni.

Mzee Kija alikwenda akasimama karibu na jeneza peke yake. Aliinamisha kichwa, na wakaona midomo yake ikitembea. Kama alikuwa akisali au akizungumza naye, hawakujua. Aliporudi alikuwa ameegemea fimbo kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Atazikwa hapa," alisema. "Zadok, una mahali?"

Zadok alikuwa na mahali, nyuma ya kambi, kwenye mwinuko, karibu na kaburi la mvuvi mmoja ambaye ziwa lilimtoa akiwa hana jina. Vijana wa kambi walichimba kwa zamu. Mzee Kija aliongoza ibada mwenyewe, kwa kichwa, na mahali pa kusema "nyumbani kwake" alisita, akasema hivyo hivyo. Huko Kome, kama walivyokuja kusikia baadaye, watu walisubiri mpaka giza, kisha wakakata mgomba, wakaufunga sanda, wakauzika kati ya wale watoto wawili ili kaburi lisilale wazi.

Udongo ulipokwisha kusawazishwa, Pius alishuka ufukweni. Mashine ilikuwa imelazwa mchangani. Aliifungua kwa sababu mikono yake haikuwa na jambo jingine la kufanya. Kikapu cha wavu kilikuwa kimejaa mizizi, imeshonana kama mkeka. Aliichomoa. Akafungua pampu: mpira wa buti ulikuwa mzima, haujapasuka hata bawa moja, ungefanya kazi miaka. Aliushika kiganjani, akautazama, hakujua auweke wapi.

Alisikia fimbo mchangani. Mzee Kija alijikalisha juu ya ukingo wa mtumbwi, mbele yake, kama baba akaavyo karibu na mwanawe, bila umbali wa ukwe.

"Ngosha ameniambia," alisema.

"Nisamehe, baba."

"Nionyeshe hilo tundu."

Pius aliinua mashine, akaonyesha. Lilikuwa dogo, hata kidole cha mtoto kisingeingia. Mzee alivaa miwani, akainama, akalitazama kwa muda mrefu.

"Hapa ndipo yanapotokea?"

"Ndipo, baba."

"Na yakitoka, ninyi mafundi mnasemaje?"

Ziwa lilikuwa limetulia. Kule mwinukoni, Hellen alikuwa bado amekaa kando ya udongo mpya. Mzee Kija alisubiri, miwani mkononi, uso umefunguka, na Pius aliona kwamba anaombwa. Kwamba safari hii neno lile lingekuwa zawadi, pengine hata kicheko, mahali palipokosa vyote viwili. Alifungua kinywa. Lilikuwa pale, tayari, kwenye ncha ya ulimi.

"Tunasema," alijibu Pius, akaangalia chini, "maji yanatoka."

Mzee Kija alitikisa kichwa taratibu, akarudisha miwani mfukoni.

"Ndiyo," alisema. "Ndivyo ulivyosema."